Jedwali la EPL tumelipanga lote, sasa nani atapanga la mabulla?

Msimu wa 2025/26 ulikuwa haujaanza lakini Garissa tayari ilikuwa na bingwa. Ilikuwa na mabingwa wanne kwa kweli, ilitegemea umeketi meza gani. Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa ing'oe nanga Ijumaa, Agosti 15, 2025, Liverpool wakiwakaribisha Bournemouth ugani Anfield, na kwa wiki mbili ukitoka kuswali Isha hakukuwa na stori nyingine mjini. Ilikuwa ni kupanga timu 20 tu, kutoka namba moja hadi wale watatu wa kushushwa daraja, na kila msee alikuwa na orodha yake na yuko tayari kuifia.

Kama hujawahi kukaa kwenye mabishano haya, yanaenda hivi. Mtu mmoja anaagiza shaah ya maziwa ya ngamia, anageuza risiti ya duka upande usioandikwa na kuanza kuchora mistari. Dereva wa bajaj anaegesha "dakika mbili tu" na haondoki tena. Kinyozi wa jirani anakuja na kitambaa begani, mteja amemwacha kwa kiti akiwa amenyolewa nusu kichwa. Hapo kikao kimefunguliwa rasmi.

Wanabunduki ndio walioongoza kwa kelele. Arsenal walikuwa wamemaliza wa pili misimu mitatu mfululizo na taji lao la mwisho la ligi lilikuwa la 2004, yaani wengi wa hawa wanaopiga meza kwa niaba ya Arsenal walikuwa hawajazaliwa. Lakini safari hiyo walikuwa na Viktor Gyökeres mbele na Martin Zubimendi katikati, kwa hivyo mwaka ulikuwa wao. Mwaka huwa ni wao kila Agosti. Meza ya Liverpool haikuwa na haraka, kwa sababu kombe lilikuwa kwao na Florian Wirtz alikuwa amefika, ingawa Jumapili walipigwa na Crystal Palace kwa penalti katika mechi ya Ngao ya Jamii na tangu hapo walikuwa wamepunguza sauti kidogo. Chelsea walikuwa wamechapa PSG 3-0 mwezi uliotangulia wakabeba Kombe la Dunia la Vilabu, na shabiki wa Chelsea hapa kwetu atakuambia hilo kabla hata hujamaliza kumwambia salaam aleikum. Man City wana mashabiki wachache Garissa, lakini kila orodha iliwaweka ndani ya tatu bora, kwa woga tu.

Mashetani Wekundu nao walikuwa na kesi ya kipekee. Man United walimaliza wa 15. Wakafika fainali ya Europa kule Bilbao mwezi Mei, wakapigwa 1-0 na Tottenham, timu iliyomaliza ligi nafasi ya 17. Yaani ilikuwa fainali ya kaka wa 15 na mdogo wake wa 17, na kaka akalia. Baadaye wakamleta Matheus Cunha, Bryan Mbeumo na Benjamin Šeško, na shabiki wao mmoja, fundi wa simu, akaiweka United namba mbili kwa kalamu ya wino. Alipoulizwa kwa nini si penseli akasema penseli ni ya watu wasio na imani.

Atakayekosea sana mwezi Mei atanunua nyama ya ngamia kilo nne kwa kikao kizima. Kuna waliosema hiyo ni kamari, haramu. Tukakubaliana kuiita sadaka.

Lakini orodha za kabla ya msimu zina thamani gani? Kinyozi, ambaye hana timu na kwa hivyo anasikilizwa na wote, hupenda kukumbusha watu msimu wa 2015/16. Chelsea waliuanza wakiwa mabingwa watetezi, wakamaliza wa 10. Leicester walikuwa wameponea kushushwa daraja msimu uliotangulia, kampuni za kamari Uingereza zikatoa 5,000 kwa moja kwamba hawawezi kushinda ligi, na wakashinda. Kwa hivyo, kwa maoni yake, orodha hii haitabiri chochote. Inakuonyesha tu mtu anatamani nini na anaogopa nini. Nimeishi na hiyo kauli wiki nzima. Msee ananyoa vichwa kwa shilingi mia lakini anasoma watu kuliko mhadhiri yeyote niliyewahi kumsikiza kabla sijaacha chuo mwaka wa pili.

Wiki hiyo kuna kitu kiliongezeka kwenye meza, Harambee Stars. Jumapili, siku ile ile ya Ngao ya Jamii, vijana wetu waliwachapa Morocco 1-0 pale Kasarani kwenye CHAN. Bao ni la Ryan Ogam, na muda si muda Chrispine Erambo akalishwa kadi nyekundu, tukacheza kipindi cha pili chote tukiwa kumi. Morocco hao walikuwa wamebeba CHAN mara mbili. Kwetu ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kushiriki, tena kwa sababu tulikuwa wenyeji pamoja na Tanzania na Uganda. Ukiangalia orodha ya FIFA ya wakati huo, Kenya ilikuwa nje ya 100 bora na Morocco ilikuwa ndani ya 20 bora. Fundi wa simu alisimama juu ya kiti na kudai ushindi huo ni wa United, kwa kuwa kocha Benni McCarthy aliwahi kuwanoa mastraika wa Old Trafford. Watu walicheka lakini hakuna aliyeweza kumpinga, kwa sababu ni kweli.

Na ratiba nayo ilijaa uchokozi. Jumapili iliyofuata Stars walikuwa wacheze na Zambia, halafu siku hiyo hiyo saa kumi na mbili na nusu jioni Arsenal wawe Old Trafford. Kwa saa za hapa kwetu, hiyo ni karibu kabisa na adhana ya Magharibi. Kuna watu waliokuwa wakose dakika kumi za kwanza, na kuna waliokuwa waswali swala fupi zaidi maishani mwao, Mwenyezi Mungu atusamehe.

Ligi yetu ya Kenya? Ilipata labda dakika saba. Kenya Police ndio walikuwa mabingwa wa 2024/25, taji lao la kwanza kabisa, Gor Mahia walikuwa na 21, na Ingwe walikuwa wanangoja tangu 1998. Waliozungumza kwa uchungu walikuwa watatu, wote wa down Kenya kama tunavyoita kule ng'ambo ya Mwingi: mwalimu wa Kemia shabiki wa K'Ogalo, na maaskari wawili waliovaa nguo za nyumbani, mmoja wa Ingwe na mwingine ambaye safari hiyo alikuwa na sababu ya kujivunia mwajiri wake. Wengine wetu tulisikiliza kama mtu anayesikiliza stori ya harusi ambayo hakualikwa. Utaniambia nini kuhusu debi ya Mashemeji, na mimi tangu nizaliwe sijaona jina la Garissa, Wajir wala Mandera kwenye jedwali hilo?

Ndipo nikauliza. Nilisema, sawa, timu 20 za Uingereza mmezipanga, hata Burnley na Sunderland waliopanda juzi mmewatafutia nafasi. Nipangieni basi timu tano bora za mabulla ya hapa Garissa.

Kukawa kimya. Kijiko kilisikika kikizunguka kwenye glasi.

Usifikirie ni kwa sababu hazipo. Zipo tele. Nenda Bulla Iftin, nenda Sigale, Bulla Punda, Bulla Adan au Madina. Alasiri jua likianza kupunguza hasira utaona vumbi limesimama juu ya kila uwanja mtupu. Mechi huchezwa kati ya Alasiri na Magharibi, hakuna wakati mwingine. Mapema kuliko hapo joto litakuua, na baada ya hapo hamna taa. Kwa hivyo ukichelewa kuanza kwa sababu refa ameenda kutafuta filimbi, mnafupisha kipindi cha pili. Watu husimama hadi kwenye mstari, na golikipa hudaka huku watoto wakimshika jezi kwa nyuma. Mechi ya bulla kwa bulla hapa ina presha kuliko fainali yoyote ya Bilbao. Nimeona mzee mzima, mtu wa heshima zake, akirusha kiatu.

Kimya kile hakikuwa cha kutojua. Kilikuwa cha kujua sana.

Mwisho yule dereva wa bajaj akasema jina la bulla moja, akaliweka namba moja. Sekunde mbili tu zilipita. Mtu akamuuliza anasema hivyo kwa sababu ya mpira au kwa sababu mjomba wake anaishi huko. Mwingine akasema timu hiyo ilishinda kwa wachezaji wa kukopa. Wa tatu akakumbusha mechi ya mwaka jana iliyoisha kwa mawe. Sauti zikapanda, lakini si kama zilivyopanda kwa Arsenal. Hizi zilikuwa za chini, za meno yaliyofungwa. Pembeni kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza na kikombe chake tangu mwanzo. Akatugeukia na kusema, "Adeer, hayo ya Uingereza bishaneni mpaka asubuhi. Haya mengine yaacheni."

Mtu wa nje anaweza kufikiri mzee hapendi mpira. La. Mzee anajua hesabu ambayo haiandikwi nyuma ya risiti. Hapa kwetu bulla si mtaa tu. Watu walipohamia mjini, wengi walijenga karibu na watu wao, kwa hivyo ukisema timu ya bulla fulani ni mchuja, kuna mtu hatasikia habari za mpira. Atasikia umesema kitu kuhusu ukoo wake. Na sisi ukoo unafika kila mahali, kwenye kura, kwenye kazi za kaunti, kwenye posa. Sisi si wa kwanza kubeba mambo makubwa ndani ya jezi. Waulize Gor na Ingwe mpira wao ulianzia wapi. Tofauti ni kwamba wao walifanya hivyo hadharani, kwa jedwali, kwa pointi, mbele ya taifa, na leo shabiki wa Gor na wa Ingwe wanatukanana Jumapili na Jumatatu wako kazini pamoja.

Hapo ndipo nilipoielewa EPL ya Garissa. Manchester haina ukoo. Unaweza kumwambia shabiki wa United timu yake ni takataka, mamake asikasirike, wazee wasiitishe kikao, na kesho akunyoe nywele kwa bei ile ile. Kwa hivyo hamu yote ya kushindana, hasira zote za bulla kwa bulla, tunazipakia kwenye ndege na kuzipeleka Uingereza, ambako haziwezi kumuumiza mtu.

Ni busara, sikatai. Lakini ina gharama yake, na wanaolipa ni wale vijana wenye vumbi.

Fikiria straika wa miaka 17 wa Sigale. Tuseme amefunga mabao mengi msimu huu. Mangapi? Hakuna anayejua. Dhidi ya nani? Inategemea unamuuliza nani. Matokeo huwekwa kwenye kundi la WhatsApp, yanafuatwa na picha ya ngamia anayeuzwa na dua ya Ijumaa, na kufikia Jumatatu yamezama. Msaka vipaji akija kutoka Nairobi, kilomita kama 370, ataonyeshwa nini? Ataambiwa "huyu dogo ni moto", na kila bulla itamwambia hivyo kuhusu dogo wake.

Nimetafuta sana anayeandika. Nilimpata mmoja, kijana wa kidato cha tatu, ana daftari lile la Kasuku la kurasa 200. Anaandika tarehe, uwanja, timu, mabao, na nani kafunga kama anamjua. Mechi alizokosa ameacha mstari mtupu, hajabuni kitu. Nilimuuliza kwa nini anaandika na hakuna anayemlipa. Aliniangalia kama nimemuuliza kwa nini anakula. Ana misimu miwili mle ndani. Kama daftari hilo lingeingia maji, misimu miwili ya mpira wa mji wetu ingekuwa haijawahi kuchezwa.

Na maji yanakuja hapa, usisahau. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara upande wa Madogo, tukabaki tunaangalia Nairobi kwa simu. Hiyo Madogo yenyewe ni debi ambayo haijapewa jina. Iko ng'ambo ya daraja la Tana, unaenda kwa boda na bado shaah yako haijapoa, lakini iko Kaunti ya Tana River, na kwenye michezo ya shule Tana River wako Pwani. Kwa hivyo vijana wawili wanaoogelea mto mmoja, wa huku anawania tiketi ya Kaskazini Mashariki, wa kule anatafuta tiketi yake upande wa Mombasa na Kilifi. Mahasimu wetu wa karibu zaidi hatuwezi kukutana nao rasmi hadi mashindano ya kitaifa. Mahasimu tuliopewa ni Wajir, zaidi ya kilomita 300, na Mandera, ambako ukifika umesahau ulikuwa unaenda kufanya nini.

Mashindano ya kitaifa ya shule nayo yana orodha yake ya kabla ya msimu, ila haiandikwi. Kuna maeneo manane, na kila mtu akitazama droo anaomba apangwe na Kaskazini Mashariki. Sisi ndio pointi tatu za bure. Wakitucheka hawaulizi tumetoka wapi. Mwanzoni mwa 2020, baada ya mashambulizi, walimu wasio wenyeji waliondolewa kwa wingi Garissa, Wajir na Mandera. Watu walizungumza kuhusu Fizikia na Hisabati, na walikuwa na haki. Lakini yule mwalimu wa Fizikia ndiye pia aliyekuwa kocha. Alikuwa na funguo za stoo ya mipira. Shule inaweza kuajiri kijana wa hapa aliyemaliza kidato cha nne afundishe darasa, na wamefanya hivyo, heko kwao. Kocha anachukua muda mrefu zaidi kumea.

Tuna kitu kimoja cha kuonyesha, nacho ni Berlin FC. Berlin yetu, isiyo na ukuta. Ni timu ya hapa Garissa iliyowahi kubeba bendera ya Kaskazini Mashariki kwenye Chapa Dimba na Safaricom, yale mashindano ya vijana. Ajabu ni hii: Berlin ikicheza na timu ya kutoka nje, nimeona watu wa mabulla yasiyosalimiana wakisimama upande mmoja wakiimba jina la mji wa Wajerumani. Kwa dakika 90 hakuna aliyeuliza straika ni mtoto wa nani. Kipenga cha mwisho kikilia, kila mtu anarudi bulla yake.

Basi usiku ule, mzee alipoondoka, tuliendelea. Sikusema tuliacha. Kinyozi ndiye aliyekuja na ujanja. Hakuna kusema nani bora, alisema. Tusome tu daftari. Kushinda pointi tatu, sare moja, kupigwa sufuri, na mtu asitoe maoni hadi tumalize kujumlisha. Kijana wa daftari aliitwa kwa simu, akaja na kandambili za nduguye. Mwalimu wa Kemia akapewa kazi ya kujumlisha kwa sababu kwao ni Siaya, hana bulla hapa.

Tulifika timu tano. Nafasi ya tano ilipita vizuri, ya nne ikapita baada ya dakika kumi za kelele, ya tatu ikazua mtu mmoja kutoka nje kuvuta hewa kisha akarudi. Namba moja ilikwama. Timu mbili zilikuwa sawa kwa pointi, na mechi yao wenyewe kwa wenyewe, kwa mujibu wa daftari, ilisimamishwa dakika ya 71 giza lilipoingia, matokeo yakiwa 1-0. Upande mmoja ukasema bao ni bao, hata mbele ya nyota. Upande wa pili ukasema mechi ambayo haijaisha haijachezwa. Mwalimu akaulizwa kanuni ya ligi inasemaje, akauliza ligi gani.

Risiti bado iko kwangu. Ina namba tano, nne na tatu, na juu kabisa nafasi wazi. Vijana wa timu zote mbili wamesikia, na habari imeruka mabulla usiku huo huo kuliko usajili wowote wa Gyökeres. Wamekubaliana warudie zile dakika 19 zilizobaki, Jumamosi hii baada ya Alasiri, wakianza 1-0, refa atoke Madogo. Tatizo moja tu ni kwamba mfungaji wa lile bao sasa amehamia timu ya pili, na hakuna anayejua acheze upande gani.